Bi Jalada na Sifuri ya Mstari wa 87

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, karani mkuu wa masjala ya hospitali yetu atakabidhi funguo saba, kitabu cha zamu na kiti chenye mto wa bluu, astaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Jina lake kamili limo kwenye barua ya kustaafu, lakini hapa hospitalini hakuna anayelitumia. Kuanzia madaktari wakuu wote waliopita mpaka wafagizi walioajiriwa mwezi jana, sote tunamwita Bi Jalada, na ukimuulizia getini kwa jina jingine utazungushwa mpaka uchoke.

Afisa utumishi ameniomba niandike ukurasa mmoja, uwe wa kuchangamsha, na kama inawezekana habari za matumbo ya kina mama niziache. Nimejaribu. Nimeandika rasimu mbili zisizo na tumbo hata moja, na zote mbili zilimwelezea mtu nisiyemjua. Bahati nzuri jarida hili la wafanyakazi nalihariri mimi mwenyewe, kwa hiyo mwenye malalamiko aje masjala, meza ya pili kutoka dirishani, atanikuta.

Bi Jalada aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minne. Masjala wakati huo ilikuwa chumba kimoja chenye paa linalovuja, na mafaili yalipangwa sakafuni, kwa maneno yake mwenyewe, kwa kudra za Mungu tu. Mwaka haujaisha, yote yalikuwa rafuni kwa namba: ya njano kwa wanaume, ya bluu kwa wanawake, ya kijani kwa watoto. Mgonjwa akija bila kadi, Bi Jalada alimtazama usoni, akamuuliza mama yake alikuwa anaishi mtaa gani, kisha akaenda moja kwa moja rafuni na kurudi na faili lenyewe. Mimi nilipofika, miaka ishirini na minane iliyopita, alinipa meza ya pili na masharti matatu: mikono iwe mikavu, mdomo uwe umefungwa, na nisithubutu kumwambia mgonjwa kwamba faili lake limepotea. Faili halipotei, linatafutwa.

Alikuwa na utani wa kimya kimya ambao ulimkuta mtu bila taarifa. Dereva wetu wa gari la wagonjwa alikuwa na tabia ya kuugua mgongo kila safari ndefu ilipotokea. Siku moja Bi Jalada alimfungulia faili lake dirishani, na bila kutaja ugonjwa wowote, maana siri ya mgonjwa ni siri, akamsomea tarehe tu, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa Ijumaa. Foleni nzima ilivunjika mbavu, na dereva akachukua ufunguo wa gari akaenda zake bila kuaga.

Sasa nifike kwenye muhuri, maana bila muhuri hakuna wasifu.

Katika mwaka wake wa sita, kliniki ya wanawake ilikuwa imeelemewa. Kila Jumatatu na Alhamisi benchi la nje lilijaa wasichana na kina mama waliojikunja, wameshika tumbo, wengine wameegemea ukuta kwa kipaji cha uso. Daktari aliandika sentensi ile ile kwenye kila faili kwa mwandiko ambao hata yeye mwenyewe hakuweza kuusoma kesho yake, na masjala ikapoteza nusu saa kwa kila mafaili kumi ikijaribu kubahatisha. Bi Jalada akatoa wazo. Daktari atie alama ya vema tu kwenye kona, faili likirudi masjala tutagonga muhuri. Fundi mihuri wa karibu na stendi aliuchonga kwa siku mbili. Ulisomeka: MAUMIVU YA HEDHI. HALI YA KAWAIDA.

Foleni ilipungua kwa nusu. Mwisho wa mwaka Bi Jalada alitangazwa Mfanyakazi Bora, akapigiwa makofi, akapewa saa ya ukutani ambayo mpaka leo iko juu ya dirisha letu, ikienda mbele kwa dakika tano. Nasema hili kwa haki: lilikuwa wazo zuri la karani mzuri, na hakuna aliyeliona vinginevyo. Nami nilipoajiriwa, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuugonga. Alinifundisha kupuliza wino ukauke kabla ya kufunga faili, ili maandishi yasijichape upande wa pili.

Kila mwisho wa mwezi masjala hujaza taarifa ya kupeleka makao makuu. Ilikuwa na kurasa nne na mistari mia moja na kumi na mbili, kila ugonjwa na mstari wake. Malaria, mstari wa 3. Kuvunjika mfupa, mstari wa 54. Hali ya kawaida si ugonjwa, kwa hiyo haikuwa na mstari, na kila faili lililogongwa muhuri ule halikuhesabiwa popote. Mstari wa 87 ulikuwa endometriosis, na kwenye mstari wa 87, kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, tuliandika sifuri. Mimi nilikuwa naipenda sifuri hiyo kwa sababu ilikuwa rahisi.

Kwa asiyeujua ugonjwa wenyewe: nyama laini inayofanana na ile inayotanda ndani ya mji wa mimba huota mahali pasipo pake, kwenye ovari, kwenye utumbo, nyuma ya kibofu. Mwezi ukifika inavimba na kuvuja damu huko huko iliko, na damu haina pa kutokea. Makovu yanajengeka, viungo vinashikana, na maumivu yake yanadharau vidonge. Picha ile ya kupakwa jeli tumboni mara nyingi haiuoni. Kwa kawaida uhakika unapatikana pale daktari bingwa anapopitisha kamera kwenye tundu dogo tumboni na kuangalia kwa macho yake. Kamera hiyo mkoa wetu hauna, na haujawahi kuwa nayo.

Bi Jalada, ambaye hakupenda mstari usiowahi kupata mgeni, alimuuliza daktari mkuu wa wakati ule sababu yake. Daktari yule alikuwa mtu mpole, mpenda kufundisha. Alimweleza kwamba huo ni ugonjwa wa wanawake wa mbali, waliosoma sana wakachelewa kuzaa, na kwamba wanawake wa mkoa huu huzaa mapema, kwa hiyo hawana vihatarishi, yaani mambo yale yanayomwongezea mtu uwezekano wa kuugua. Bi Jalada alishukuru, akarudi mezani, akaandika sifuri.

Ana mabinti wawili. Wa pili, kitindamimba wake, alivunja ungo akiwa na miaka kumi na mmoja, na mwezi wa pili tu akaanza kulala kwenye sakafu ya bafuni kwa sababu saruji ina baridi. Damu ilitoka siku nane, mara nyingine tisa, na baada ya siku ishirini na mbili ikarudi tena. Bi Jalada hakuwa mama katili. Alimkanda kwa maji ya moto, akambembeleza, akamwambia kwamba hata yeye aliumwa hivyo hivyo, na bibi yake pia aliumwa hivyo hivyo, na wote waliamka wakafanya kazi. Alidhani anamfariji. Kumbe alikuwa anamtajia mtoto kimojawapo cha vihatarishi vikubwa kabisa, mama na ndugu wa damu wenye shida hiyo hiyo, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Alimleta kliniki. Faili la bluu likarudi na alama ya vema kwenye kona, nami nikagonga. Katika miaka kumi na miwili faili lile liligongwa mara kumi na tisa. Najua idadi kwa sababu baadaye tulizihesabu pamoja, yeye akifunua kurasa, mimi nikichora vijistari.

Binti huyo akawa mwalimu wa chekechea, akapata kazi mikoa miwili kutoka hapa. Akiwa na miaka ishirini na minne alianguka darasani. Watoto walidhani ni mchezo, wakalala chini pembeni yake wote, na hivyo ndivyo mwalimu mkuu alivyowakuta. Hospitali ya huko ilikuwa na bingwa na kamera. Siku ya nne ugonjwa ulikuwa na jina. Waliondoa ovari moja na kipande cha utumbo, na kuhusu kuzaa walimshauri asijipe matumaini.

Alipopata nguvu alimpigia mama yake simu ya ofisini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alitaka tu aelezwe imekuwaje apande basi siku moja, afike mkoa mwingine, awe mgonjwa, wakati nyumbani kwa miaka kumi na mitatu alikuwa kawaida. Bi Jalada aliweka simu chini taratibu. Alitazama saa yake ya Mfanyakazi Bora, akaniambia niende kula, na nilipomkumbusha kwamba ni saa nne asubuhi akaniambia niende hivyo hivyo.

Alichukua likizo ya wiki tatu kumuuguza. Alirudi na daftari la kijani. Ndani yake alikuwa amenakili bango la ukutani la wodi ile, neno kwa neno: kuvunja ungo mapema, mizunguko mifupi, kutoka damu nyingi na kwa siku nyingi, kutowahi kuzaa, mama au dada mwenye ugonjwa. Alikuwa pia amemng'ang'ania bingwa kwenye korido mpaka akapewa dakika kumi. Bingwa alimweleza kwamba duniani inakadiriwa mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa anao, na kwamba takwimu zinatofautiana sana kutoka eneo hadi eneo. Baadhi ya tofauti hizo ni za kweli, maana mahali ambapo wanawake huzaa mapema, huzaa mara nyingi na kunyonyesha kwa muda mrefu, wanaziona siku zao mara chache zaidi maishani. Lakini kuzaa si kinga, na sehemu kubwa ya tofauti zile inatokana na nani ana kamera na nani hana. Mahali pasipotazamwa, ugonjwa hauonekani, na usipoonekana inaandikwa kwamba haupo.

Mwezi ule ule binti yake mkubwa, anayeishi naye nyumbani, alijifungua mtoto wa kike. Huyu mkubwa naye hujikunja kila mwezi, ila kwa kuwa amezaa aliambiwa kliniki kwetu asihangaike, hawezi kuwa nao. Mtoto akapewa jina la bibi yake, na mtaani wakamwita Bibi Mdogo. Bi Jalada alinionyesha picha yake, amevishwa kofia ya sufi, macho yamefumba. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: kwamba ana miaka kumi, labda kumi na mmoja, kuileta kamera kabla mtoto huyu hajavunja ungo. Hakuna alichokitaka kingine katika utumishi wake wote uliobaki.

Alianza na rafu. Kila Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, alishusha mafaili ya bluu ya rafu moja na kutafuta muhuri. Mimi nilishika ngazi. Ilituchukua miaka minne. Mafaili yenye muhuri yalikuwa elfu sita mia mbili na manane. Wanawake waliorudi mara tano au zaidi walikuwa elfu moja mia tatu na kumi na saba.

Kisha akaanza kuuliza. Mwanamke akija dirishani na tumbo la mwezi, Bi Jalada alimpa kiti na kumuuliza maswali matano: ulivunja ungo na miaka mingapi, siku zako ni ngapi, zinarudi baada ya muda gani, umezaa mara ngapi, mama yako au dada yako je. Foleni ilinung'unika. Mama mmoja wa watoto sita alimuuliza kwa sauti kama anamposea mwanawe, maana hata mama mkwe wake hakumhoji hivyo, na Bi Jalada akamjibu kwamba mwanaye angetoka wapi ilhali yeye ana mabinti watupu, jibu swali. Kuna mume aliyekuja juu, akitaka kujua karani anahusika vipi na mambo ya ndani ya mke wake. Bi Jalada alimvutia kiti na yeye, akamuuliza mkewe hulala wapi siku hizo. Mume alikaa, akasema sakafuni.

Wanawake mia nne na kumi na wawili walijibu yote matano. Mia mbili thelathini na mmoja walikuwa na mama au dada wa namna hiyo hiyo. Mia mbili sitini na wanane walikuwa wameshazaa, wengine mara tano, mara sita, na bado walilala sakafuni. Bi Jalada hakudai kwamba wote wana ugonjwa. Karani hapimi mtu, alikuwa akiniambia, karani anahesabu. Alichodai ni kwamba nadharia ya wanawake wa mbali waliosoma sana ilikuwa imekaa dirishani petu miaka yote hiyo na hakuna aliyeiuliza swali.

Aliandika barua saba makao makuu. Hakuomba jengo. Aliomba bingwa mmoja aje na kamera mara mbili kwa mwaka, hata kwa wiki moja. Jibu la kwanza lilichukua miezi tisa. Lilisema kwamba mabingwa hupangwa kufuata takwimu, na kwamba taarifa za mkoa wetu kwenye mstari wa 87 zinaonyesha sifuri, hivyo kipaumbele kinapewa mikoa yenye wagonjwa. Barua ya pili mpaka ya tano hazikujibiwa. Ya sita ilijibiwa kwa cheti cha kuipongeza masjala kwa kutuma taarifa safi na kwa wakati. Kipo hapa droo ya chini. Ya saba nayo haikujibiwa.

Utaratibu wote, ndugu zangu, ni huu. Hatuandiki ugonjwa kwa sababu hatuna kamera, na hatupewi kamera kwa sababu hatujaandika ugonjwa. Tunaoiandika sifuri ni sisi, kwa kalamu yetu, kwa mwandiko mzuri wa Bi Jalada.

Mwaka wake wa thelathini na moja, mwezi Septemba, uvumilivu ulimwishia. Alifika mstari wa 87 akaandika 412, na pembeni kwa herufi ndogo, wanaoshukiwa. Alinipa niipige muhuri wa ofisi. Nilimwambia atamwaga unga. Aliniambia nipige au niondoke kwenye meza yake ya pili. Nilipiga.

Barua saba ziliwashinda kusoma, lakini namba ile moja iliwaleta kwa gari ndani ya siku nne. Wakaguzi watatu walikaa masjala siku nzima. Walitaka jina la daktari aliyethibitisha. Hakuna. Walitaka kuona mashine iliyotumika. Hakuna. Bi Jalada akawaambia kwamba hicho ndicho anachokiandikia miaka yote, karibuni sana, nimefurahi mmejionea. Walimpa onyo la maandishi, pekee alilowahi kupata, na wakamtaka afute namba hiyo kwa mkono wake, aandike sifuri na kuweka sahihi. Aliandika. Mkaguzi mmoja, mwanamke wa makamo, alibaki nyuma wenzake wakiingia garini, akaomba maji, akaomba anakili maswali matano. Tukadhani tumepata mtu. Mpaka leo hatujamsikia.

Mwaka huu mwezi Aprili ilikuja fomu mpya. Bi Jalada aliifungua kwa mikono miwili, akaipitia, akaipitia tena. Ina mistari tisini na sita. Waraka ulioambatana nayo unaeleza kwamba, ili kuwapunguzia makarani mzigo, kila mkoa umeondolewa mistari ambayo kwa miaka kumi mfululizo ilikuwa sifuri. Mstari wa 87 sasa ni upele wa ngozi. Zamani tulikuwa na sifuri ambayo angalau mtu angeweza kuiuliza, sasa hata sifuri hatuna.

Wiki ile ile Bibi Mdogo, ambaye ametimiza miaka kumi na mmoja, akavunja ungo.

Jumatatu ya tatu ya mwezi Mei mama yake alimleta kliniki. Alikuwa ametapika njiani. Bi Jalada alikuwa amemwandalia faili kwa mkono wake, la bluu, la kwanza la bluu katika maisha ya mtoto yule, na ndani alikuwa amebana karatasi yenye majibu matano: miaka kumi na mmoja, siku nane, kila baada ya siku ishirini na tatu, hajazaa maana ni mtoto, na kwenye swali la tano aliandika mama mdogo aliyethibitishwa kwa upasuaji, mama anashukiwa, bibi anashukiwa. Kisha akaenda ghala la nyuma kumfundisha karani mpya namba za rafu.

Daktari wa zamu ni kijana, na si mtu mbaya. Siku hiyo alikuwa na wagonjwa themanini na wanne. Aliniambia baadaye kwamba aliisoma ile karatasi mpaka mwisho na akashindwa afanye nini. Kamera hana. Barua ya rufaa inadai ugonjwa utoke kwenye orodha ya fomu, na kwenye orodha haumo tena. Bila barua ya rufaa, mkoa ule wenye bingwa hawakupokei, na hata wakikupokea foleni yao sasa ni miezi kumi na minane. Mama mdogo wa mtoto yuko huko, na hata yeye ameshakwenda kuomba dirishani mara tatu na kurudishwa. Daktari alimwandikia mtoto vidonge vya maumivu. Akatia alama ya vema kwenye kona.

Faili lilikuja kwenye meza ya pili likiwa la saba katika rundo la mafaili kumi na mawili. Tumenunuliwa muhuri mpya mwaka huu, ule unaojipaka wino wenyewe, unabonyeza tu. Nilibonyeza mara kumi na mbili. Sikuangalia majina. Nimefanya kazi hiyo miaka ishirini na minane na mkono unaijua bila kichwa. Jina la bibi yake lilikuwa mbele ya macho yangu kwa herufi kubwa, karatasi imebanwa na pini inang'aa, na nikagonga HALI YA KAWAIDA juu ya mtoto ambaye tulihangaika miaka kumi na mmoja asigongwe.

Je, ningeangalia, nisingegonga? Nimejiuliza kila siku tangu hapo. Alama ya daktari ilikuwepo na utaratibu ni utaratibu. Sina jibu ninaloweza kulichapisha.

Bi Jalada alirudi kutoka ghalani kuchukua rundo la kupanga. Alifunua faili la saba. Hakulia. Hakunitukana, na Mungu anajua ningependa anitukane mpaka koo limkauke. Alipuliza wino ukauke, kama alivyonifundisha, akalifunga faili, akalipeleka rafuni na kuliweka mahali pake kwa namba. Aliporudi aliniuliza kama nimeshakunywa chai.

Kwa hiyo haya ndiyo mafanikio yake, kama fomu ya wasifu inavyotaka. Masjala yenye mafaili elfu arobaini ambayo hakuna hata moja lililopotea. Saa moja ya ukutani, cheti kimoja, onyo moja. Daftari la kijani lenye wanawake mia nne na kumi na wawili, ambalo amenikabidhi, nami nimelifungia kwenye droo kwa sababu sijui pa kulipeleka. Barua ya nane niliipeleka mimi wiki mbili zilizopita. Sitegemei kitu, nawaambieni ukweli. Nimeipeleka kwa sababu sikuweza kukaa bure nikiitazama meza ya kwanza.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote tunamshukuru kwa kila aliyemtafutia faili, kila aliyempa kiti, kila aliyemuuliza swali ambalo hakuwahi kuulizwa na mtu. Kuna wanawake katika mji huu walioambiwa na mtu mmoja tu kwamba wanayoyasikia tumboni yapo, na mtu huyo alikuwa karani.

Kamati ya sherehe imeandaa zawadi. Wameusafisha muhuri wa zamani, ule wa mwaka wa sita, wakaubandika kwenye ubao uliopigwa vanishi, na chini yake kibati cha shaba kimeandikwa KWA UBUNIFU WAKE. Nilipinga kikaoni. Nilinyoosha mkono peke yangu. Mwenyekiti aliniuliza kuna ubaya gani, si ndio uliompatia tuzo ya Mfanyakazi Bora, na kibati kimeshachongwa. Nilitafuta namna ya kueleza kwa dakika mbili na nikaishiwa maneno, ndiyo maana wasifu huu umekuwa mrefu hivi. Ubao umefungwa kwa karatasi ya dhahabu na utepe. Bibi Mdogo atakaa safu ya mbele kumshangilia bibi yake, kama hatakuwa anaumwa siku hiyo.

Bi Jalada, dada yangu wa meza ya kwanza, nenda ukapumzike, na siku zako zilizobaki ziwe nyepesi kuliko tulizokupa sisi. Tunakutakia kila la heri nyumbani kwako. Zawadi ipokee, tabasamu, wapigie magoti ya shukrani kama ulivyozoea, lakini nakuomba usiifungue mbele ya mtoto.